Jirani wa Kiambazani: Kupata Usingizi Kwenye Meli ya Utalii

Usiku wa kwanza wa safari yangu ya kwanza ya meli ya utalii, saa kumi na moja alfajiri, kitu kilianza kukwaruza juu ya dari. Kilikwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena hatua mbili mbele, kama mtu anayeburura kabati la chuma. Mke wangu akaketi kitandani akauliza kama tumegonga mwamba. Tulikuwa katikati ya Bahari ya Mediterania, tumeng'oa nanga Barcelona jioni ile. Nikavaa kanzu, nikapanda ngazi kwenda kutazama. Juu ya chumba chetu hasa palikuwa na bwawa la kuogelea, na vijana wawili wa sitahani walikuwa wakipanga viti vya kujilaza, safu kwa safu, wakiwahi abiria wa asubuhi. Waliniamkia kwa adabu kabisa. Wakafanya hivyo hivyo kesho yake, na keshokutwa, mpaka siku ya saba.

Chumba kile nilikichagua mwenyewe. Nilikipenda kwa kuwa kilikuwa karibu na mahali pa chakula.

Ukitaja kelele za majirani melini, wengi hufikiria ugomvi wa usiku wa manane na mlevi wa chumba cha pili. Ugomvi huo upo, na nitaufikia. Lakini usingizi wa melini aghalabu hupatikana au hupotea wiki kadhaa kabla ya safari, siku unapolipa nauli ukiwa sebuleni kwako, na ramani ya meli iko mbele yako nawe huitazami. Hoteli ya nchi kavu ikikuchosha unafungasha, unavuka barabara, unapanga nyingine. Huku melini jirani yako hahami, nawe huhami, na asubuhi mnakutana mbele ya sinia moja la mayai.

Waliowahi kulala kwenye MV Victoria kati ya Mwanza na Bukoba wanajua maisha ya vyumba vya melini: mvumo wa injini chini ya godoro, mtu anayekohoa upande wa pili kana kwamba mko kitanda kimoja. Ule ni usiku mmoja, unavumilika. Safari ya utalii ni usiku saba, kumi, wakati mwingine kumi na nne, na umelipia kupumzika.

Ukuta wenyewe

Vyumba vingi vya meli kubwa havijengwi ndani ya meli. Huundwa kiwandani kama masanduku yaliyokamilika, kitanda, bafu na vioo vikiwa ndani, kisha huletwa kwa lori na kusukumizwa mahali pake melini. Uwanja wa kuundia meli wa Meyer Turku kule Finland una kiwanda chake cha kazi hiyo huko Piikkiö. Humo uwanjani ndimo ilimoundwa Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 ikiwa na vyumba 2,805 vya abiria. Huwezi kuvijenga kwa matofali vyumba vyote hivyo. Uzito ukizidi juu, meli hupoteza uimara wake majini. Kwa hiyo ukuta kati yako na jirani ni kiambaza: mabati membamba mawili, katikati pamba ya madini. Kimechaguliwa kwanza kwa sababu hakiungui. Kuzuia sauti ni fadhila ya pili.

Kiasi gani kinazuia? Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha Kanuni ya Viwango vya Kelele Melini, ikaanza kutumika Julai 2014 kwa meli mpya. Iliwekwa kuwalinda mabaharia, na vyumba vya abiria haivihusu, lakini tarakimu zake zinafundisha. Kati ya chumba na chumba, ukuta unatakiwa kupunguza sauti kwa desibeli 35. Kati ya chumba na korido, 30. Na penye mlango wa ndani unaounganisha vyumba viwili, 30 vilevile. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukiyapunguzia 35 yanabaki mnong'ono usioelewa maneno yake. Kicheko cha watu sita na muziki kikifika 85, kwako kinaingia 50. Shirika la Afya Duniani limependekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Hesabu imalizie mwenyewe.

Tena tarakimu hizo ni za sauti inayopita hewani. Kinachoburuzwa, kinachodundwa na kinachogongwa hakipiti hewani, hupita kwenye chuma, na chuma hukisafirisha mbali. Ndiyo maana utaapa kwamba kelele zinatoka chumba cha upande wa kulia, kumbe zinatoka juu, vyumba viwili mbele.

Ramani kabla ya nauli

Kila kampuni ya meli huweka ramani za sitaha zake hadharani, na wakala wa safari anayejua kazi yake atakupa ukimwomba. Kosa la wengi, nikiwemo mimi, ni kutazama sitaha ya chumba chao peke yake. Zitazame tatu: ya chumba chako, ya juu yake na ya chini yake. Unachotafuta ni kuwa kama nyama ndani ya sambusa: vyumba vya kulala juu, vyumba vya kulala chini, vyumba vya kulala ubavuni.

Juu yako pasiwe na bwawa, mkahawa wa kujipakulia, jiko, njia ya kukimbilia wala uwanja wa mpira. Jiko hasa huwahadaa watu, kwa sababu kwenye ramani nyingi halichorwi kabisa. Utaona eneo jeupe lisilo na jina. Eneo jeupe lisilo na jina liogope. Huenda ni jiko, au njia ya wafanyakazi ambako mikokoteni ya vyombo hupita usiku kucha. Chini yako pasiwe na disko, ukumbi wa maonyesho wala baa ya muziki, maana mdundo wa besi hupanda kwenye chuma hata pale ambapo sauti ya mwimbaji haifiki.

Kisha tazama alama ndogo kati ya vyumba viwili, mshale au pembetatu. Maelezo pembeni mwa ramani yatakuambia maana yake. Hiyo ni alama ya mlango wa ndani unaounganisha vyumba, uliowekwa kwa ajili ya familia. Ukiwa na familia yako upande wa pili, ni neema. Ukiwa na familia ya watu, utajua watoto wao wanaitwa nani kabla hujawaona. Ningekuwa na ruhusa ya kukupa ushauri mmoja tu katika makala haya yote, ungekuwa huo: usilale kwenye chumba chenye mlango wa ndani na mtu usiyemjua. Uepuke kabla hujaanza kufikiria roshani, bahari au bei.

Omoni, yaani mbele kabisa ya meli, kuna nanga, na chini yake kuna propela ndogo za pembeni zinazoisogeza meli ubavuubavu inapoegesha. Meli hupenda kuingia bandarini alfajiri, na chumba cha sitaha ya chini huko mbele kitatetemeka kama kijiko ndani ya glasi. Kwenye bandari ambazo meli hutia nanga nje na kushusha watu kwa boti, kama George Town katika visiwa vya Cayman, utasikia na mnyororo wenyewe ukimiminika. Nyuma kabisa, kwenye tezi, utapata mtetemo wa propela kubwa. Katikati ndiko kwenye utulivu, ila si mkabala na lifti: hapo watu hushuka saa nane usiku wakiendelea na hadithi waliyoianzia baa. Jipe umbali wa vyumba sita au saba kutoka kwenye lifti na ngazi.

Vyumba vyenye roshani zinazotazama ndani ya meli ni habari nyingine. Meli za kundi la Oasis zina uwazi katikati wenye bustani, na nyuma kuna ukumbi wa michezo ya majini. Picha zake zinavutia na bei wakati mwingine ni ndogo kuliko ya roshani inayotazama bahari. Lakini mazoezi ya wasanii, majaribio ya vipaza sauti na makofi ya watazamaji vyote ni vyako. Kama unalala mapema, roshani hiyo utaifunga na utakuwa umeilipia bure.

Bei ya chini kabisa kwa kawaida ni ile ya chumba cha kupangiwa: unalipia aina ya chumba, namba watakupa wao. Watu husifia sana unafuu wake. Mwenye usingizi mzito na aichukue. Wewe uliyesoma mpaka hapa huenda si mmoja wao.

Tarehe nayo ni jirani. Icon of the Seas huhesabiwa kubeba abiria 5,610 kwa watu wawili kila chumba, lakini uwezo wake wa mwisho ni 7,600. Tofauti hiyo ya karibu watu 2,000 hulala kwenye vitanda vya tatu na vya nne, na wengi wao ni watoto walio likizo. Machi, vyuo vya Marekani vinapofunga, meli za Karibea hujaa vijana waliokuja kukesha. Safari fupi za siku tatu au nne za mwisho wa wiki kutoka Miami huwa na fujo kuliko safari za siku kumi na nne, ambazo hujaa wastaafu wanaolala saa tatu. Kwa ndugu zetu wa Dubai na Muscat wanaopandia meli Ghuba msimu wa baridi, wiki za mwisho wa Desemba zina furaha nyingi na usingizi kidogo.

Ni jirani kweli, au ni meli?

Usiku wa kwanza kila kelele ni ngeni, na ni rahisi kumbebesha jirani dhambi za fundi. Kabla hujashika simu, simama kimya katikati ya chumba ukisikilize.

Mlio wa kukatika kama vijiti vikavu, unaokuja na kuondoka pamoja na mawimbi, ni viambaza vinasuguana. Hauna dawa, isipokuwa kuzoea. Ukizidi, mhudumu wa chumba anaweza kuita fundi akabana paneli. Kitu kinachogonga ting, ting, ting kwa mpigo sawa aghalabu ni vitundikia nguo ndani ya kabati lako mwenyewe: vitoe vyote, vilaze chini. Mluzi mwembamba ni mlango wa roshani usiofungwa sawasawa. Ngurumo fupi ya ghafla, kama simba aliyepaliwa, ni choo. Vyoo vya melini huvuta kwa nguvu ya hewa, na cha jirani utakisikia. Mlango unaobamizwa wenyewe kila dakika chache unatokana na mtu aliyeacha roshani wazi, upepo unakatiza korido kila mlango wa chumba unapofunguliwa.

Ukibaki na sauti za watu, muziki, runinga au hatua, toka koridoni utafute namba ya chumba zinakotoka. Usikisie. Kumshitaki asiyehusika ni aibu ya wiki nzima, na mlinzi akigonga akakuta bibi kizee amelala, simu yako ya pili haitachukuliwa kwa uzito.

Usiku wenyewe

Kuna wanaosema mwendee jirani mzungumze kiungwana kwanza. Mimi naligawa jambo hili kwa saa. Mchana, ndiyo. Mkikutana mlangoni, salamu ije kwanza: habari za matembezi, mmependa bandari ya leo? Kisha neno lenyewe bila kisasi: "Kuta hizi ni nyepesi, jamani, jana tulisikia muziki wenu mpaka tukajua nyimbo. Nasi tukipiga kelele mtuambie." Mara nyingi inatosha. Watu hawajui kwamba wanasikika. Wamezoea nyumba za matofali.

Usiku, hapana. Mtu aliyekunywa, aliye na wenzake, anayegongewa mlango na mgeni mwenye hasira saa nane, si mtu wa kuzungumza naye. Usigonge mlango wake, usigonge ukuta. Melini kuna watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo. Kaunta ya huduma kwa wageni kwenye meli kubwa huwa wazi saa 24, na simu ya kitandani ina kitufe chake. Wafanyakazi wametoka Ufilipino, Indonesia, India na kwingineko, wengi Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu kama ilivyo kwako, kwa hiyo huhitaji ufasaha. Toa mambo manne: namba ya chumba chako, namba ya chumba chenye kelele, ni kelele gani, zimeanza saa ngapi. Omba jina lako na namba yako visitajwe kwa jirani. Usihadithie, usipandishe sauti. Aliye kwenye simu hiyo amepokea nyingine kumi.

Atatumwa mlinzi au msimamizi wa zamu. Kelele zikirudi, piga tena. Watu wetu huona haya kupiga mara ya pili, wanaona ni usumbufu. Lakini simu ya pili na ya tatu ndizo zinazojenga kumbukumbu, na bila kumbukumbu huna kesi asubuhi. Kampuni kadhaa huomba utulivu koridoni nyakati za usiku, na kadhaa zina saa ambayo walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuzurura bila mzazi, mara nyingi saa saba usiku. Soma karatasi za chumbani au programu ya meli kwenye simu ujue kanuni za meli yenu zinasemaje, kisha uzitaje.

Asubuhi nenda kaunta kwa miguu yako, na saa zako umeziandika. Usiende saa mbili, foleni ya wanaoulizia matembezi ni ndefu. Nenda watu wakishashuka bandarini. Sema unachotaka. Wengi hueleza uchungu wao kwa dakika kumi kisha wakiulizwa "Tukusaidieje?" hawana jibu. Kama unataka kuhama, sema unataka kuhama. Meli ikijaa, hakuna pa kuhamia na hawakudanganyi. Lakini wapo abiria wasiotokea siku ya kuondoka, na wapo wanaoshuka njiani, hivyo aliyeomba mapema siku ya kwanza au ya pili yuko mbele ya wengine. Wakikupa chumba cha ndani kisicho na dirisha badala ya chako chenye roshani, uliza tofauti ya bei itarudishwaje kabla hujakubali. Wakikosa chumba, unaweza kuomba salio la kutumia melini. Si haki iliyoandikwa, ni hiari yao, na mwenye kuomba kwa upole na kumbukumbu hupata mara nyingi kuliko mwenye kufoka.

Aliye kaunta akikwama, omba kuonana na mkubwa wa huduma za hoteli. Nahodha ndiye mkuu wa wote, lakini vyumba, chakula na wahudumu viko chini ya mkurugenzi huyo wa hoteli, na yeye ndiye mwenye uamuzi wa vyumba. Nahodha huingia jambo linapokuwa la usalama. Masharti ya mkataba wa tiketi, yale ambayo hakuna anayeyasoma, humpa uwezo wa kumshusha abiria msumbufu bandari inayofuata, ajirudishe nyumbani kwa gharama yake. Hilo si jambo la kumtishia nalo jirani. Ni vizuri tu kujua kwamba lipo.

Malalamiko ya barua pepe baada ya kufika nyumbani ni ya mwisho kwa faida. Huwezi kurudishiwa usiku, na kampuni itauliza kwanza: ulituambia ukiwa melini?

Yasiyo ya kulalamikia, na yasiyo ya kungoja

Mtoto mchanga analia. Wazazi wake wamechoka kuliko wewe, na mlinzi hawezi kumnyamazisha. Vivyo hivyo mkoromo: umewahi kusikia mtu ameshitakiwa kwa kukoroma? Mzee anayepandisha sauti ya runinga pengine hasikii vizuri. Hapo mwambie mhudumu wa vyumba, ambaye kwa kawaida huhudumia vyumba vyenu vyote viwili na anajua namna ya kulisema. Sauti za maharusi zina stara yake. Ukipiga simu sema "kelele" basi, wataelewa.

Lakini ukisikia kipigo, mtu anayeomba msaada, au ugomvi ambao upande mmoja umenyamaza ghafla, hayo si malalamiko ya kelele. Piga namba ya dharura iliyobandikwa kwenye simu, papo hapo, na usikae ukipima kama unaingilia mambo ya ndani ya watu. Melini hakuna jirani mwingine wala balozi wa mtaa. Ni wewe uliyesikia.

Vitu vya mkobani

Vizibo vya masikio vya sponji ni bei ya soda, na nusu ya wanaovitumia huviweka vibaya. Kivingirishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie mpaka kivimbe. Kikichomoza chote nje hakijaingia. Nunua jozi nyingi. Vya siku tatu vimechafuka.

Watu huniuliza: na king'ora je? Ishara ya hatari melini ni milio mifupi saba na mmoja mrefu, na kanuni zinataka mlio huo ufike angalau desibeli 75 pale ulipolaza kichwa. Utausikia. Hata hivyo ukisafiri na watoto wadogo, watu wazima mpeane zamu: mmoja azibe, mwingine asizibe.

Besi haizibwi na sponji. Kwa hiyo, pakua kwenye simu sauti ya mvua au ya feni kabla ya kupanda, maana intaneti ya baharini huuzwa kwa bei yake. Feni ndogo ya betri husaidia vilevile. Waya za kuongeza soketi zenye kinga ya umeme usibebe, kampuni nyingi huzinyang'anya langoni kwa sababu ya hatari ya moto. Taulo lililokunjwa, ukilisukumiza chini ya ule mlango wa ndani, hufanya kazi kuliko vifaa vingi vya madukani. Waweza pia kulala kichwa kikiwa upande wa miguu, kama kitanda kimeegemea ukuta wa jirani. Nimefanya hivyo usiku mbili, na sioni haya kusema.

Na sisi wenyewe

Familia ya Kiswahili ikisafiri haisafiri watu wawili. Huja mama mkubwa, shemeji, wajukuu, na koridoni hugeuka barazani. Soga ya mlango kwa mlango saa tano usiku, kila mmoja amesimama nusu ndani nusu nje, ni tamu kwenu na ni mateso kwa vyumba kumi. Sitaha za juu zina viti na upepo. Soga ipelekeni huko.

Milango ya vyumba ni mizito na hujifunga yenyewe, kwa sababu ya moto. Ukiiachia hubamiza, na kiambaza chote hutikisika. Isindikize kwa mkono mpaka kitasa kilie. Kengele ya simu ya swala ya alfajiri isiwekwe juu ya meza ya chuma ikitetemeka. Iweke chini ya mto. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usisikilizwe roshanini kwa spika: vizio vya roshani vina upenyo juu na chini, na msiba wa Tandika utajulikana mpaka kwa Wajerumani wa chumba cha tatu. Watoto wasiruke kutoka kitandani, chini ya sakafu yenu kuna dari ya mtu. Runinga isiwe kwenye ukuta wa jirani ikiwa inaweza kugeuzwa, ingawa mara nyingi haiwezi.

Usiku wa mwisho vizibo vya masikio vitumike hata kama wiki nzima hukuvihitaji. Kwenye meli nyingi abiria hutakiwa kuweka mabegi makubwa nje ya mlango jioni hiyo, na wafanyakazi huyakusanya kwa mikokoteni mpaka usiku wa manane, magurudumu yakigonga kila kizingiti cha korido. Hao hawana budi kufanya hivyo, na kesho yake mchana abiria wengine watapanda. Weka begi lako nje mapema, bakiza mswaki na nguo za asubuhi, ulale.